Cheti cha zimamoto tumelipia, maji yako wapi?

USIKU wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliwaka moto. Kulipokucha Jumapili, habari ilikuwa imeshavuka mipaka yote, kwa sababu Kariakoo si mali ya Dar es Salaam peke yake. Anayeuza viatu Lubumbashi, anayeuza vitenge Kampala, anayejaza duka la vipuri Bujumbura au Lusaka, kila mmoja ana mtu wake Kariakoo, ana fremu anayoiamini, na mara nyingi ana mzigo alioulipia ambao bado unasubiri lori.

Si Kariakoo tu. Soko la Owino mjini Kampala, ambalo jina lake rasmi ni St Balikuddembe, liliungua Februari 2009, watu wakaanza upya, likaungua tena mwaka 2011. Soko kuu la Bujumbura liliteketea Jumapili ya Januari 27, 2013. Soko la Karume, Ilala, liliungua Januari 16, 2022, miezi sita tu baada ya Kariakoo. Gikomba ya Nairobi ndiyo usiseme. Mtu wa pale akikutajia "ule moto", inabidi umuulize ni upi. Ule wa usiku wa kuamkia Juni 28, 2018 uliua watu 15.

Baada ya kila moto wa aina hii husikika lawama moja: zimamoto wamechelewa, na walipofika hawakuwa na maji. Nimeisikia lawama hiyo na kuiandika mara nyingi, na nikiri kwamba kwa miaka kadhaa niliiandika bila kuuliza swali la pili. Siku hizi nauliza. Zimamoto wa nani? Nani alipaswa kuwapa maji? Na zile fedha tunazolipa kila mwaka kwa jina la zimamoto zinaishia wapi?

Haya si maswali ya wataalamu wa utawala. Mfanyabiashara wa mpakani ameweka mtaji wake katika miji miwili au mitatu, na kila mji umeiweka zimamoto chini ya mkubwa tofauti. Viwango vya ushuru anavijua kwa kichwa. Anajua cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinatumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Muulize stoo yake ya ng'ambo ikiwaka saa nane usiku ni nani ataamrisha gari litoke kituoni, atakutazama tu.

Tuanze na Tanzania. Zamani vikosi vya zimamoto vya miji vilikuwa chini ya halmashauri. Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ikaviweka pamoja kuwa jeshi moja, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, likiwa na Kamishna Jenerali wake, makamanda wa mikoa, na chuo chake Chogo, wilayani Handeni. (Zanzibar wana Kikosi chao cha Zimamoto na Uokoaji, chini ya SMZ. Anayechukua mzigo Darajani asidhani anashughulika na watu walewale wa Bara.) Faida ya mpangilio huu ni kwamba askari wa Tunduma na askari wa Ilala wamefunzwa namna moja na wanavaa cheo kimoja. Hasara yake inaonekana sokoni. Halmashauri ndiyo inayogawa meza, inayokusanya ushuru na kutoa leseni, lakini haina amri juu ya gari la zimamoto. Kamanda wa zimamoto naye ana gari, ila hana amri juu ya meza zilizoziba njia ambayo gari lake lingepita. Na gari likiharibika, meya hawezi kulinunulia pampu. Fedha inasubiriwa kutoka Dodoma.

Kenya imekwenda upande mwingine kabisa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kazi ya kuzima moto kwa serikali za kaunti. Kwa hiyo zimamoto ya Nairobi ni ya Kaunti ya Nairobi, na kituo chake kikuu kipo Tom Mboya Street, katikati ya matatu na mikokoteni. Ya Busia ni ya Busia, ya Kajiado ni ya Kajiado. Anayekupa kibanda ndiye mwenye gari la zimamoto, na anayetaka kura yako miaka mitano ijayo ndiye wa kumuuliza. Lakini kaunti 47 hazilingani mifuko. Moto ukiizidi nguvu kaunti moja, msaada wa jirani unategemea uelewano wa wakubwa. Na namba ya dharura ambayo kila mtu anaijua, 999, inapokewa na polisi, ambao nao ndio wawatafute watu wa kaunti.

Uganda na Rwanda wameiweka zimamoto ndani ya polisi. Uganda ni kurugenzi kamili ya Jeshi la Polisi, na Rwanda ni kikosi cha Polisi ya Taifa. Hapa kuna kitu kizuri ambacho wengine tunakikosa: anayezima moto na anayewaondoa watu na magari barabarani wanapokea amri kutoka sehemu moja. Kuna pia kitu ambacho hakisemwi. Mkaguzi wa usalama wa moto anapoingia sokoni akiwa na sare ya polisi, mchuuzi mgeni ambaye karatasi zake hazijakaa sawa hamkaribishi. Anashusha shata, anaenda kunywa chai. Kibanda chake, pamoja na nyaya zake zilizoungwaungwa, hakikaguliwi mwaka huo, na jirani yake aliyefungua mlango akakaguliwa vizuri ataungua naye.

Nikilazimishwa kuchagua, naegemea mfumo wa kaunti, kwa sababu moja tu: mwenye soko na mwenye gari wakiwa mtu mmoja, hakuna wa kumsukumia lawama. Lakini Gikomba imo ndani ya mfumo huohuo ninaousifu, kwa hiyo siwezi kuupigia debe sana. Sare na jina la wizara havizimi moto. Kinachozima ni maji, na katika mifumo yote mitatu maji ni ya mtu mwingine.

Hapo ndipo ile lawama ya "wamekuja bila maji" inapohitaji kufunguliwa. Mara nyingi gari huwa limekuja na maji, ila limekuja na maji ya dakika chache. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000, ambalo si dogo. Mpira mmoja ukimwaga lita 500 kwa dakika, tangi limekauka baada ya dakika kumi. Fungua mipira miwili, umebaki na tano. Sasa fikiria kile kinachowaka: belo za mitumba zilizobanwa kwa mashine, viatu vya plastiki, magodoro, vibanda vya mbao vilivyoegemeana. Belo ya nguo hulowa maji juu na kuendelea kuwaka ndani, na inabidi ifumuliwe vipandevipande huku inamwagiwa. Dakika kumi ni za kulowesha kibanda cha kwanza. Baada ya hapo gari linaondoka kwenda kutafuta maji, na sisi tuliosimama pembeni na simu zetu tunarekodi gari la zimamoto likikimbia moto.

Gari la zimamoto halikuundwa lizime soko kwa maji ya tangi lake. Tangi ni la kuanzia. Kazi hasa inafanywa na yale mabomba mafupi ya chuma yanayosimikwa kando ya barabara, ambayo gari huunganisha mpira na kuvuta maji bila kukoma. Mabomba hayo yanaishi kwa mtandao wa mamlaka ya maji: DAWASA kwa Dar es Salaam, kampuni ya maji ya jiji kwa Nairobi, shirika la taifa la maji kwa Kampala. Mamlaka ya maji kazi yake ni kuuza maji, na bomba la zimamoto haliuzi kitu. Linakaa miaka bila kutumika, na likitumika halitoi bili. Barabara inapopanuliwa, bomba linafukiwa na lami. Mgawo wa maji ukifika, presha inashuka mtaa mzima na bomba linabaki chuma tupu. Barabara nayo ina mwenyewe, umeme una mwenyewe, kibali cha ujenzi kina mwenyewe. Mzimamoto anafika wa mwisho, juu ya maamuzi ya ofisi tano ambazo hakuna hata moja inayoripoti kwake, na ndiye anayepigwa mawe.

Mwaka jana, katika soko moja kubwa la ukanda huu ambalo sitalitaja, nilimwomba msimamizi anionyeshe bomba la zimamoto. Alikuwa na hakika lipo. Tulizunguka karibu nusu saa, tukimwuliza huyu na yule, mpaka mzee mmoja mshona viatu akatupeleka kwenye meza ya nyanya. Lilikuwa chini ya meza. Mwenye meza alikuwa ameliwekea ubao juu, anakalia. Sikuweza kumlaumu yule mama. Sehemu ile alipewa na soko, na risiti ya ushuru wa siku hiyo ilikuwa mfukoni kwenye aproni yake.

Nimesimulia hilo kwa sababu linanileta kwenye fedha. Tanzania mwenye duka hulipia ukaguzi na cheti cha zimamoto, kiwango kikitegemea aina na ukubwa wa jengo. Nairobi, tangu kuanzishwa kwa kibali cha pamoja cha biashara, ada ya zimamoto imeingizwa humo pamoja na ya afya na ya mabango. Mwenye stoo pande mbili za mpaka analipa mara mbili. Sipingi kulipa. Zimamoto ni kazi ya gharama kubwa isiyoonekana: watu wanalala kituoni kwa zamu usiku na mchana, mwaka mzima, ili kuwa tayari kwa saa moja ambayo huenda isifike. Dereva ndiye pia mwenye pampu. Kiongozi wa kikosi hasogei mbele, maana akiingia ndani hakuna anayeona jengo zima. Wanaoingia huingia wawili wawili, na mtungi wa hewa wa mgongoni hukaa nusu saa hivi, au chini ya hapo mtu akihema kwa nguvu. Kikosi cha watu watatu, kwa hiyo, kinaweza kumwaga maji kutoka nje, lakini hakiwezi kumtafuta mtu ndani. Tofauti ya watu wawili tu kwenye gari ndiyo inayoamua kama mlinzi aliyelala stoo atatolewa hai au la. Mishahara ya watu hao wawili inagharimu zaidi kuliko rangi nyekundu ya gari jipya, lakini sijaona kiongozi akikata utepe mbele ya mishahara.

Usisahau pia neno uokoaji. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua zaidi ya watu 20, hapakuwa na moto. Waliohitajika ni watu wanaojua kukata zege bila kumuua aliye chini yake, na ndiyo kazi ya jeshi hilihili.

Kinachonikera ni kwamba risiti ya cheti haikuambii chochote. Mlipaji haonyeshwi kituo kilicho karibu naye kina magari mangapi yanayowaka, kina watu wangapi kwa zamu, na mabomba ya mtaa wake yalijaribiwa lini mara ya mwisho. Na baadhi yetu tunajua kwamba vipo vyeti ambavyo mkaguzi wake hakuwahi kukanyaga mlangoni. Aliyenunua cheti cha namna hiyo aliona ameokoa muda. Cheti kile kingebandikwa ukutani kikiwa na tarehe ambayo bomba la karibu lilifunguliwa maji yakatoka, ningekiheshimu zaidi kuliko mhuri wake.

Hapa nageukia wafanyabiashara wenyewe. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka kwa sababu ya kodi na namna zinavyokusanywa, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukaa na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, akawasikiliza mmoja mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Nguvu hiyo ipo, na serikali imeonyesha inaisikia. Lakini sijawahi kusikia soko lolote la ukanda huu limefunga hata nusu siku kwa sababu bomba la zimamoto halina maji. Tunagombana na mamlaka ya mapato juu ya asilimia kadhaa za mzigo, halafu tunauacha mzigo wote kwenye stoo iliyofungwa kwa nondo mlango na dirisha, yenye njia moja, ndani ya mtaa ambao pikipiki tu ndiyo inayopita.

Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa yeye hayumo hata kwenye kikao. Kamati za soko ni za wenye meza, na meza zina majina ya wenyeji. Yeye mzigo wake uko kwa mwenyeji wake, kwa kuaminiana, bila mkataba na bila jina lake popote. Moto ukipita na serikali ikaanza kuorodhesha walioathirika, anaorodheshwa mwenye meza. Mwenye belo 20 zilizokuwa chini ya meza yuko Busia, anaangalia televisheni.

Mtu atasema kuna bima. Bima ipo, lakini angalia inachofunika. Mwenye gari anaijua kadi ya njano ya COMESA, ambayo hata Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000: ukimgonga mtu ng'ambo ya mpaka, kadi inashughulika na madai yake. Ni ushahidi kwamba nchi zetu zikitaka zinaweza kukubaliana juu ya hasara inayovuka mpaka. Lakini kadi hiyo ni ya madhara ambayo gari lako limemfanyia mwenzako. Mzigo wako uliolala kwenye stoo ya rafiki haumo. Na ukienda kuukatia bima ya moto utaulizwa mkataba wa pango, cheti cha zimamoto na hesabu ya bidhaa, vitu ambavyo biashara ya kuaminiana haina.

Kukosa bima kunatunyima pia msukumo, na historia ya London inalionyesha hilo vizuri. Mji ule hadi katikati ya karne ya 19 ulizimiwa moto na kikosi kilichoendeshwa na makampuni ya bima, kilichoanzishwa mwaka 1833. Juni 22, 1861 maghala ya bidhaa ya Tooley Street, kando ya mto Thames, yaliungua, na mkuu wa kikosi hicho, James Braidwood, akafa kwa kuangukiwa na ukuta. Hasara ilikuwa kubwa kiasi kwamba makampuni ya bima yaliiambia serikali kwamba mzigo huo hayawezi kuubeba tena. Bunge likatunga sheria mwaka 1865, na Januari 1866 jiji likapata zimamoto yake ya umma, makampuni yakiendelea kuchangia kwa kiwango cha mali waliyoikatia bima. Walioisukuma serikali hawakuwa wapenda watu. Walikuwa wenye fedha waliochoka kulipa. Kwetu hasara ya soko inaishia kwa mama mwenye mkopo wa kikundi, na mama huyo hana barua ya kumwandikia waziri.

Sasa mpaka wenyewe. Namanga iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Arusha mjini na zaidi ya kilomita 150 kutoka Nairobi. Tuseme usiku lori la mafuta limewaka kwenye foleni, au mtaa wa maduka umeshika moto upande mmoja. Msaada kutoka jiji lolote kati ya hayo mawili ukifika, utafika kuhesabu majivu. Gari la maana ni lile lililo karibu, bila kujali bendera yake. Kadhalika Malaba, ambako malori hupangana kilomita kwa kilomita, tangi la petroli nyuma ya kontena la nguo, na madereva wanapika chakula ubavuni mwa magari.

Katika mji mmoja wa mpakani, ambao nao nitauacha bila jina, niliona gari la zimamoto limeegeshwa mwendo wa dakika tano kutoka getini. Nilimuuliza askari wa zamu: upande wa pili ukiwaka sasa hivi, utavuka? Alicheka kidogo, akaniambia yeye angetamani, lakini lazima apige simu kwa mkubwa wake, naye mkubwa apige kwa mkubwa, na gari lina namba za serikali, na yeye mwenyewe hana hati ya kusafiria. Akiumia kule, akaongeza, hajui ataandikiwa ameumia kazini au ameumia matembezini. Alikuwa kijana mwenye akili na sikuona kosa katika jibu lake hata moja.

Wakati huohuo, hatua chache kutoka pale aliposimama, afisa forodha wa nchi jirani alikuwa amekaa kwenye kiti chake ndani ya ardhi isiyo ya nchi yake, akigonga mihuri kihalali kabisa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya vituo vya pamoja vya mipakani, ya mwaka 2016, inamruhusu afisa wa mpaka kutekeleza sheria za nchi yake upande wa pili. Kwa hiyo Busia, iliyozinduliwa na Marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, na Namanga, iliyozinduliwa na Marais Kenyatta na Magufuli Desemba mwaka huo, zina maofisa wanaovuka kila asubuhi kwenda kazini. Tulipotaka kodi ikusanywe haraka, tuliweza kulimaliza suala la mamlaka ya nchi.

Na kuvuka kwa ajili ya moto kumeshatokea. Soko la Bujumbura lilipokuwa linateketea mwaka 2013, Rwanda ilituma msaada wa helikopta. Hilo lilikuwa jambo jema na halipaswi kusahaulika, hasa kwa jinsi uhusiano wa nchi hizo mbili ulivyopanda na kushuka baadaye. Lakini msaada wa ngazi hiyo huanza wakubwa wanapozungumza, na wakubwa huzungumza moto ukiwa umeshakuwa habari. Moto wa soko unashikwa katika dakika 15 za mwanzo, ambazo ni mamlaka ya kiongozi wa kikosi na si ya mtu mwingine.

Itifaki ya Amani na Usalama ya Jumuiya, iliyosainiwa Februari 2013, imeyataja majanga kuwa eneo la ushirikiano, kwa hiyo msingi wa kisheria hautafutwi mbali. Ninachokitaka ni kidogo sana. Kila jozi ya miji ya mpakani iwe na makubaliano ya kudumu, yaliyosainiwa kabla ya moto, kwamba gari la zimamoto na wafanyakazi wake wanavuka kwa king'ora bila karatasi, wanakuwa chini ya amri ya kiongozi wa upande unaoungua, na akiumia mtu analipwa kama aliyeumia nyumbani. Waende mbele kidogo wakubaliane vichwa vya mipira viingiliane na mabomba ya pande zote mbili, au kila gari libebe kiunganishi, maana mpira wenye kichwa cha kipimo kingine mbele ya bomba lenye maji ni sawa na kutokuwa na bomba. Wafanye zoezi la pamoja mara moja kwa mwaka, siku ambayo si ya gulio. Hakuna hata kimoja kati ya haya kinachohitaji mkutano wa wakuu wa nchi.

Namba za dharura nazo. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanapigiana simu kwa mpango wa mtandao mmoja ulioanza mwaka 2014, lakini namba ya kuita zimamoto inabadilika ukishuka tu kwenye basi. Tanzania ni 114. Rwanda ni 111. Kenya na Uganda ni 999 au 112, zote zikipitia polisi. Ukivuka Rusumo na kadi yako ya simu ya Tanzania, ukapiga 114 huku stoo inafuka moshi, utakuwa umepoteza dakika ambazo huzipati tena.

Kwa hiyo wiki hii, ukienda kufuata mzigo, fanya mambo mawili kabla hujalipa. Hifadhi namba ya zimamoto ya mji huo kwenye simu, chini ya jina la mwenyeji wako. Kisha mwambie mwenyeji huyo akupeleke kwa miguu mpaka kwenye bomba la zimamoto lililo karibu na stoo, mkafungue mfuniko wake mkiwa na msimamizi wa soko. Kama liko chini ya meza ya mtu, anayepaswa kuulizwa ni aliyeigawa meza hiyo, na kikao cha kamati ya soko kijacho kina tarehe.